Nanga ya Mji Usio na Bahari

Sonara alikigeuza kile kikuku mara mbili, akachungulia ndani, akakipitishia kidole gumba, alafu akakiachia mezani. Tang.

"Hiki hakina muhuri. Si fedha hiki."

Cha pili hata hakukishika vizuri.

Ilikuwa Jumamosi baada ya alasiri, sebuleni kwa marehemu nyanya hapa Mombasa, wanawe watatu wamekaa kugawana alivyoacha, mjomba mafungu mawili, halati moja, mamangu moja, na mimi niko pembeni na simu napiga picha kila kitu na kuandika kwenye daftari, maana nishaambiwa "we ulosoma, andika." Sonara aliitwa ili kila kitu kipate bei kabla ya kugawanywa, si mwajua tena dhahabu na fedha ndizo huleta maneno. Vyenye muhuri akavipima kwenye mizani yake ndogo. Visivyo na muhuri akavisukuma kando, vikalala pamoja na vifungo vya kanzu na funguo za milango ambayo hakuna anayeikumbuka.

Vile vikuku viwili mamangu akaniambia chukua wewe, vya kuchezea. Hakuna aliyesema neno. Nikavitia mkobani.

Hiyo ni miezi mitatu iliyopita.

Nanga ya babu

Lakini kilichoniponza kwanza hakikuwa kikuku. Ilikuwa bangili.

Kwetu kila mtu aijua ile bangili. Babu alikuwa baharia, meli za mizigo za Waingereza, na alipokuja kumuoa nyanya akamletea bangili ya fedha ya bawaba, ile ya kufunguka ubavuni, mbele imechorwa majani, nyuma haina kitu. Na ndani, karibu na kifungo, kuna nanga ndogo. Hadithi yasema babu alimwendea fundi akaipigisha ile nanga makusudi, ili nyanya akiivaa ajue kuwa mwenziwe yuko baharini lakini moyo umetia nanga huku. Nimeisikia harusini, nimeisikia matangani, na mjomba huisimulia macho yakimlenga machozi. Siku ya kugawana hakuna hata aliyeuliza, bangili ilienda kwake na bei yake ikakatwa kwenye mafungu yake mawili.

Sasa usiku ule nikawa napanga zile picha, arubaini na moja, nikaikuza ya ile bangili mpaka ikajaa skrini.

Nanga haikuwa peke yake.

Zilikuwa alama nne kwa safu. Herufi mbili ndani ya kijisanduku, zimesagika. Kisha nanga. Kisha mnyama anatembea, mguu mmoja wa mbele ameuinua. Kisha herufi moja, n ndogo.

Yule mnyama nilimtazama sana. Alikuwa simba. Na babu na simba wapi na wapi?

Wiki nzima ya 1908

Nitawapunguzia safari. Simba anayetembea ni muhuri wa Uingereza, maana yake kitu kimepimwa na kina sehemu 925 za fedha katika 1,000, na amekuwa akipigwa tangu 1544, kwa hivo huyo ni mkongwe kuliko Fort Jesus. Zile herufi mbili ni za mtengenezaji au mwenye karakana. Na ile herufi ya mwisho ni mwaka. Kila mwaka herufi yake, zikiisha wanaanza upya kwa mwandiko mwengine, mara kubwa mara ndogo, mara zenye miiba kama maandishi ya makanisani.

Nikapata jedwali, nikatafuta n ndogo, nikapata 1908. Nikafunga simu nikalala kama niliyefaulu mtihani.

Wiki nzima nilitembea na hiyo 1908 kichwani. Nilishaanza hata kuwatungia watu maisha, labda bangili ilikuwa ya mama wa bosi wa babu, labda hivi, labda vile. Alafu siku moja niko kwenye matatu naangalia lile jedwali tena nikaona juu kabisa kumbe limeandikwa London, na alama ya London ni kichwa cha chui, na mimi kwenye bangili sina chui. Nilidhani Uingereza ni moja na herufi ni zile zile! Kumbe kila mji wenye afisi ya kupima madini ulikuwa na alama yake na hesabu yake ya herufi. Edinburgh ngome. Sheffield taji, mpaka 1975 walipobadilisha wakaweka waridi.

Na nanga ni Birmingham.

Nikasoma tena. Nanga ni Birmingham.

Fungua ramani uitafute Birmingham. Iko katikati kabisa ya Uingereza, bahari huioni hata ukipanda juu ya paa. Kilichotokea ni kwamba 1773 mfanyabiashara mmoja wa huko, Matthew Boulton, alikuwa amechoka kupeleka vitu vyake vya fedha mpaka Chester kupigwa muhuri, barabara mbovu, vitu vyakwaruzika njiani, akaenda London pamoja na watu wa Sheffield kuliomba Bunge kila mji upewe afisi yake. Wakakubaliwa. Na inasemekana mikutano yao wakifanyia kwenye mkahawa wa ulevi ulioitwa Crown and Anchor, yaani Taji na Nanga, basi ndo mji mmoja ukachukua taji na mwengine ukachukua nanga. Wengine husema walirusha sarafu.

Yaani nanga ya babu, moyo uliotia nanga Mombasa, machozi yote yale ya mjomba, ni kibao cha baa.

Na babu hakuwahi kukosa swala ya jamaa msikitini.

Kwa hesabu ya Birmingham, n ndogo ya kawaida ni 1912, na n yenye miiba ni 1887. Nikakaa usiku mwengine na picha nikiikuza na kuipunguza, taa nikiibadili kwa programu ya simu, na ninavyoona mimi ni ile ya kawaida, ina visigino kama n ya kwenye msahafu wa tafsiri. Basi 1912. Babu mwenyewe hajazaliwa. Aliinunua ikiwa kuukuu, bandari gani Mungu ajua, kwa hivo kabla ya nyanya iliwahi kuvaliwa na mkono mwengine, na kwa Mzungu yule wa kwanza nanga haikuwa na maana yoyote, kama vile mimi na wewe hatusomi alama ya ubora ya serikali kwenye pakiti ya unga.

Kitu kingine kilichonikaa ni kwa nini hiyo herufi ya mwaka iliwekwa. Mimi nilidhani ni kwa ajili ya watu kama sisi, wajukuu. Wapi! London waliianzisha 1478 ili fedha ikigundulika imeghushiwa wajue mwaka ule mpimaji alikuwa nani, wamshike. Nilikuwa namtafuta babu, nikamkuta karani.

Kwa ufupi kuhusu birika

Halati alirithi birika la chai lenye herufi E P N S chini yake, kila moja ndani ya ngao yake ndogo, yang'aa, utasema ni muhuri hasa. Halati alishaamua P ni Patel. Si Patel halati wangu, ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayosema chuma hiki ni cha shaba na nikeli na kimepakwa fedha juu kwa umeme, kile tunachokiita fedha ya Kijerumani, ndani hakuna fedha hata chembe. Na hiyo kazi ya kupaka fedha kwa umeme ilipata hati ya uvumbuzi 1840, ya akina Elkington, watu wa wapi?

Birmingham.

Visivyo na jina

Sasa mimi nishakuwa mtaalamu wa sebuleni, nimenunua kile kioo cha sonara cha kubana jichoni, cha kukuza mara kumi, nikavitoa vile vikuku vya kuchezea nikaanza kuvitafuta muhuri. Nje, ndani, kwenye ncha. Kila kimoja ni fimbo nene ya duara iliyokunjwa, ncha mbili zikitazamana, kila ncha ina kichwa kama tumba la yungiyungi, na katikati kuna michirizi mitatu. Chini ya kioo niliona mapigo ya nyundo, mengi, madogo, mtu alikaa akapiga akageuza akapiga. Niliona mikwaruzo ya majivu, maana nyanya alisafisha kila kitu kwa ndimu na majivu. Muhuri hakuna.

Ndipo nikajiuliza swali ambalo kwa kweli ningejiuliza siku ile ile pale mezani kama nisingekuwa na kiherehere cha picha.

Muhuri ungepigwa na nani?

Huku hakukuwa na simba wala chui. Mafundi wa Lamu, Mombasa, Unguja, mpaka ng'ambo Oman, kwa kawaida hawakupiga chapa yoyote. Ulikwenda kwa fundi ambaye mamako alimjua, naye alikuwa na mama pia, akikudanganya mamake atasikia kabla ya magharibi. Na fedha yenyewe hukuinunua kwake, ulimpelekea. Ulimpelekea reale, zile sarafu za fedha za zamani.

Reale moja iko kwenye kile kidani cha halati, ile sonara aliikubali bila maswali kwa sababu aijua. Mwanamke mnene wa Kizungu kajitanda shela, nyuma tai mwenye vichwa viwili, mwaka 1780. Watu wa zamani wakiiita reale ya Sham. Ni Maria Theresia, mtawala wa Austria, naye alikufa 1780 hiyo hiyo, lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na huku kwetu walishaizoea sura yake na wakakataa nyingine, basi wenye viwanda vya sarafu wakaendelea kuipiga na tarehe ile ile, miaka mia moja na zaidi baada ya kifo chake. Wametengeneza Vienna, wametengeneza Roma, tangu 1936 London nayo, Paris, Brussels, Bombay, na baadaye hata Birmingham (huo mji una nini na sisi jamani). Kwa hivo halati anaposema kidani chake kina miaka mia mbili na arubaini na ushee, tarehe yamuunga mkono na tarehe yenyewe ni muongo. Hilo sijamwambia. Akisoma hapa basi ndo nishamwambia.

Ila uzito haukubadilika. Popote ilipopigwa, reale ilikuwa gramu 28 na nukta, fedha sehemu 833 katika 1,000, na ndo maana mafundi wakaipenda. Muhuri wao ulikuwa ni ile sarafu, na sarafu ikiingia kwenye kalibu muhuri unayeyuka nayo.

Tatutatu

Mizani ya jikoni ya kupimia unga, inayosoma mpaka sehemu ya kumi ya gramu. Kikuku cha kwanza 83.6. Cha pili 83.1.

Alafu nikaweka glasi ya maji juu ya mizani, nikaifanya isome sifuri, nikakifunga kikuku uzi nikakining'iniza mpaka kikazama chote bila kugusa chini. Mizani hapo husoma uzito wa maji yaliyosukumwa, na ukiugawa uzito wa kikuku kwa hayo maji wapata uzito wa chuma kwa ujazo wake. Jirani aliyeingia kuomba chumvi alinikuta nimekaa hivo, mkono hewani na uzi, sikuweza hata kumgeukia.

8.2.

83.6 kwa 8.2, yaani kama 10.2. Shaba nyeupe na ile fedha ya Kijerumani hukaa kwenye nane na nusu, nane na kitu. Fedha safi ni 10.49, ya muhuri wa simba ni kama 10.36, na mchanganyiko wa reale ukipigiwa hesabu watoka 10.2. Mizani yangu ikikosea hata nukta moja siwezi kuapa kama ni reale au ni ya simba, lakini si shaba. Na ningekuwa na mafurungu yake ya miguuni hesabu hii isingefaa kabisa, yale yako wazi ndani na hewa hudanganya, ila mafurungu yalishauzwa zamani, miaka ya ada za shule.

Nikampigia mamangu. Sikumwambia kitu, nikamuuliza tu, hivi vikuku nyanya alivipata wapi?

"Vya mamake hivo. Akiviita tatutatu."

Kwa nini tatutatu?

"Si ile michirizi mitatu."

Nikakata simu, nikarudi mezani. Reale moja 28.07. Mara tatu ni 84.2. Na hapa nina 83.6 na 83.1, toa kilichobaki kwenye tupa ya fundi, toa miaka ya ndimu na majivu.

Reale tatu huku, reale tatu huku. Tatutatu.

Nilikaa chini.

Kusema au kunyamaza

Furaha ilidumu kama dakika kumi hivi. Alafu nikakumbuka vilivyonifikia.

Vile vitu viligawanywa kwa kuwa vimeambiwa si fedha. Kama ni fedha basi ni mali ya mirathi, na nusu yake ni ya mjomba, na robo ni ya halati, na mimi ninavyo kabatini kwa jina la vya kuchezea. Nilijitetea sana mwenyewe kwa mwenyewe. Vilikaa mezani wote wakiviona, aliyekosea ni sonara, na fedha si dhahabu, yapata ngapi hata. Kila utetezi ulikuwa mzuri mchana, ukifika usiku wanuka. Wiki tatu. Mamangu nilipomwambia alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani laini imekatika, akasema tutaongea. Kesho yake baada ya alfajiri akapiga yeye. "Vilete."

Tulivipeleka kwanza kwa sonara mwengine, mzee, duka la mlango mmoja. Shikamoo, marahaba. Hakuuliza muhuri. Alikisugua kikuku kwenye jiwe lake jeusi, akatonesha dawa, akaangalia rangi, akakipindua kwenye kiganja kama mtu anayepima embe.

"Fedha. Kazi ya zamani. Nani kawaambia si fedha?"

Hatukumtaja mtu.

Mjomba alisikiliza yote, vikuku mbele yake juu ya kitambaa, mamangu ameinamisha kichwa utadhani kaiba. Akavishika, akavigonganisha, ile sauti yake nzito. Akasema fungu lake kampa dadake, na asisikie tena habari hiyo. Halati alitaka robo yake kwa pesa, akapewa, na ilikuwa haki yake.

Ingeishia hapo ningekuwa nimepona.

Na yangu je?

"Na yangu je?" mjomba akaniuliza. "Kwa vile we washajua kusoma. Yangu yasemaje?"

Akaenda chumbani akarudi nayo, imefungwa kwenye leso ya nyanya.

Mtu ndo kwanza amesamehe nusu ya vikuku viwili mbele yako. Hakuna sheria ya mirathi inayonilazimisha kumwambia habari za Birmingham, hakuna anayedhulumiwa na ile nanga, na bangili yake ni nyepesi, haifiki hata nusu ya kikuku kimoja. Nilibana kioo jichoni ili nipate muda. Herufi mbili zilizosagika. Nanga. Simba. Na n, ya kawaida, visigino viwili, safari hii bila shaka yoyote.

Nikamwambia ni fedha nzuri, mjomba, 925, ya mwaka 1912.

"1912?" Akahesabu kwa vidole. "Babu yako hajazaliwa."

"Ndio mjomba. Aliinunua tayari imevaliwa."

"Na nanga?"

Basi nikamwambia. Simba wa Kiingereza, kila mji na alama yake, Birmingham. Baa sikuitaja, hiyo nimewaachia nyinyi.

Alinyamaza akiizungusha bangili. "Birmingham iko bahari gani?"

"Haina bahari, mjomba."

Akatikisa kichwa taratibu, akaifunga kwenye leso, akaniuliza kama nimekula.

Nilirudi nyumbani nikijilaani. Wiki mbili sikwenda. Ijumaa iliyopita nikaitwa chakula cha mchana, nafika mlangoni namsikia sebuleni na mjukuu wake wa miaka sita mapajani, bangili imefunguliwa. "Babu mkubwa alikuwa baharia," amwambia, "akamwendea fundi, akamwambia nipigie nanga hapa..." Akaniona. Hakusita hata kidogo, akamaliza mpaka mwisho, mpaka pale pa moyo, na macho yakamlenga vile vile.

Mtoto kaiinamia bangili, kaifinyia jicho, asema haoni kitu.

Mjomba akaninyooshea mkono. "Lete kile kioo chako, aione vizuri."